Nia ipo, ila mkono hutangulia

Wiki hii mmetuuliza wasomaji: “Kwa nini mtu anayejua kabisa kwamba tabia fulani inamdhuru, na ameshaapa kuiacha, hujikuta ameirudia? Je, ni udhaifu wa nia?” Jibu langu ni hapana, si udhaifu wa nia. Naomba nafasi ya kulieleza kwa kirefu, kwa sababu nimeona jinsi lile jibu jingine linavyowaumiza watu. Mtu huambiwa hana msimamo, akaambiwa tena, mwishowe akakubali kwamba ndivyo alivyoumbwa. Akishakubali hivyo, hana tena sababu ya kujaribu.

Ninavyoamini mimi, nia huwa ipo, tena ya kweli. Kasoro iko kwenye wakati. Uamuzi wa kuacha hufanywa mtu akiwa ametulia na anajiona vizuri: usiku kabla ya kulala, au baada ya kuumia. Tabia yenyewe haiji saa hiyo. Huja mawazo yakiwa mbali, mwili ukiwa katika shughuli zake za kila siku, na kitendo huwa kimeshaanza kabla mwenyewe hajajua. Yule aliyeapa jana usiku anakuwa hayupo pale jambo linapotendeka. Akija kuzinduka, limekwisha, na kilichobaki ni kujilaumu.

Kuna jaribio moja ambalo kwangu linaonyesha jambo hili kuliko hotuba yoyote kuhusu nidhamu. Mwaka 2011, David Neal, Wendy Wood na wenzao walichapisha utafiti kuhusu watu waliokwenda kutazama filamu ukumbini. Wengine walipewa bisi mpya, wengine bisi zilizokaa siku 7. Wale ambao hawakuzoea kula bisi sinema walizionja zile za zamani na kuziacha nyingi. Waliozoea walizila karibu sawa na wenzao waliopewa mpya, ilhali wenyewe walisema hazikuwapendeza. Ulimi ulikataa, mkono ukaendelea kupeleka. Watafiti walipowaweka watu kwenye chumba cha mikutano badala ya ukumbi wa sinema, nguvu hiyo ya mazoea haikuonekana. Kisha, katika jaribio jingine, watu waliombwa kula kwa mkono wasiouzoea. Hapo hata wale wenye mazoea wakapunguza kula bisi mbovu.

Tuangalie vizuri hilo la mkono. Hakuna aliyeongezewa nguvu za kujizuia. Hakuna aliyekemewa wala kukumbushwa madhara. Walichofanyiwa ni kuvurugiwa ule mwendo mwepesi wa kawaida, basi ikawabidi waangalie wanachofanya. Walipoangalia, ladha mbaya ikaonekana kuwa ni mbaya, na wakaacha wenyewe. Akili yao ya kuchagua ilikuwa nzima tangu mwanzo, ila haikuwa imeitwa.

Wala hali hii si ya wachache. Wood na wenzake walipowaomba wanafunzi wa chuo kikuu waandike kila saa walichokuwa wakifanya na walichokuwa wakifikiria, asilimia 43 hivi ya vitendo vilikuwa vile vinavyofanywa karibu kila siku, mahali palepale, na mara nyingi mtu akiwaza jambo jingine kabisa. Hilo lenyewe si baya. Bila mazoea tungechoka kabla ya saa tatu asubuhi. Ubaya ni kwamba utaratibu uleule unaotuwezesha kufunga kamba za viatu bila kufikiri ndio unaotuwezesha pia kujidhuru bila kufikiri.

Basi dawa iko wapi? Wanaosaidia watu wenye mazoea ya mwilini, kama kutafuna kucha, kung’oa nywele au kutikisa kichwa bila kukusudia, walilijibu swali hili zamani, na nashangaa jibu lao halijulikani zaidi. Mwaka 1973 Nathan Azrin na R. Gregory Nunn walieleza njia yao ya kugeuza mazoea, ambayo mpaka leo hutumika. Hatua yake ya kwanza si katazo. Mtu huombwa aieleze tabia yake kwa undani, pengine mbele ya kioo: mkono unaanzia wapi, unapita wapi, kidole kipi kinatangulia, shingo inakaaje. Kisha hutafuta dalili ya mapema kabisa, ile inayokuja kabla ya kitendo. Halafu hutaja hali ambazo tabia hupenda kujitokeza: akiwa peke yake, akisoma, akisubiri, akiwa na wasiwasi. Baada ya hayo yote ndipo hufundishwa kitendo cha kushika nafasi ya kile cha zamani, kwa mfano kukunja ngumi kwa dakika chache, jambo lisiloweza kufanyika pamoja na kutafuna kucha.

Utaratibu huo una heshima ndani yake. Haumchukulii mtu kama mkosaji, unamchukulia kama shahidi. Tena unatambua ukweli ambao wanaotoa mawaidha huusahau: mtafuna kucha mara nyingi hajui kwamba anatafuna mpaka aambiwe na aliyeketi naye. Kumwambia “acha” ni kusema na mtu ambaye, kwa wakati huo, hayupo.

Nimeitumia njia hii mwenyewe kwa tabia ya kuishika simu kila mara. Nilidhani mwanzo wake ni mkono kwenda mfukoni. Nilipochunguza kwa subira niliona kwamba mkono ni hatua ya tatu au ya nne. Kabla yake kuna kazi iliyofika mahali pagumu: sentensi isiyokubali kukamilika, au barua ambayo sijui niijibu vipi. Kifua kinabana kidogo. Macho yanaacha ukurasa. Hapo ndipo mkono unaondoka. Kumbe muda wote simu ilikuwa mlango wa kutorokea, na ningeweza kupigana na simu miaka mingi bila kugusa kile nilichokuwa nakitoroka. Sasa kifua kinapobana najua nimefika mahali gani. Mara nyingine naichukua simu vivyo hivyo, lakini naichukua nikijua, na aghalabu sikai nayo muda mrefu.

Huko kuwepo pale jambo linapotendeka ndiko wengine hukuita kuishi katika wakati uliopo. Wengi wakisikia habari hiyo hufikiria mtu aliyekaa kimya saa nzima macho yamefumbwa. Kukaa hivyo kuna faida yake, sikatai. Anayefuatilia pumzi zake hugundua kila baada ya muda mfupi kwamba mawazo yameshakwenda zao, na zoezi lenyewe liko hapo: kugundua kwamba umeondoka, na kurudi bila kujitukana. Huo ndio ujuzi unaohitajika mkono unapoanza kusogea. Lakini kinachotakiwa katika kuvunja tabia ni sekunde chache tu, zipatikane mahali panapofaa. Mtu anaweza kukaa kimya kila alfajiri na bado akawa hayupo kabisa saa kumi jioni, tabia yake inapomjia.

Halafu kuna hamu yenyewe. Hapa ndipo ushauri wa kawaida unapopotosha zaidi, maana hutuambia tuifukuze. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba mtu akiambiwa asiwaze juu ya dubu mweupe, dubu huyo humrudia tena na tena. Alan Marlatt, aliyefanya kazi na wanywaji pombe na wavutaji sigara, alifundisha kinyume chake: hamu ni kama wimbi, hupanda, hufika kilele, kisha hushuka, na mtu anaweza kukaa juu yake akilitazama bila kulipiga wala kuzama. Mwaka 2009 yeye na Sarah Bowen walichapisha jaribio la wanafunzi 123 waliokuwa wakivuta sigara. Waliofundishwa kuitazama hamu hivyo walivuta sigara chache zaidi katika siku 7 zilizofuata kuliko wenzao. Na hili ndilo nililolipenda: hamu yao haikutofautiana na ya wenzao. Hamu ilibaki, ila haikuwa tena amri.

Kwa yeyote anayedhani kuwa siku hamu itakapokwisha ndipo atakuwa amepona, habari hiyo ni ya kumfungua. Hana haja ya kuisubiri siku hiyo. Hamu ikija, aitafute mwilini: iko kooni, tumboni, viganjani? Inakua au inapungua? Maswali haya huonekana madogo mno, lakini mtu anayeyajibu yuko pale, na aliyeko pale anaweza kuchagua.

Sasa nidhamu. Sisemi haina kazi. Nasema kazi yake ni ya mapema kuliko tunavyodhani. Mwaka 2012 Wilhelm Hofmann na wenzake walichapisha utafiti uliofuatilia matamanio ya watu wazima 205 huko Würzburg, Ujerumani, katika maisha yao ya kila siku. Mtu angetarajia kwamba wenye uwezo mkubwa wa kujidhibiti ndio wanaopigana zaidi na vishawishi. Ilikuwa kinyume: walieleza mvutano mdogo zaidi ndani yao, na hawakulazimika kujizuia mara nyingi. Mimi nauelewa utafiti huo hivi: watu hao wamepanga siku zao kwa namna ambayo vita vingi havianzi. Simu inalala chumba kingine. Njia ya kurudi nyumbani haipiti mlangoni pa kishawishi. Nidhamu ya aina hii haina mbwembwe na hakuna anayeisifu, kwa kuwa haionekani. Naipendelea mara kumi kuliko ile ya kukaza meno.

Kwa hali zisizoepukika, kuna mpango ulioelezwa na mwanasaikolojia Peter Gollwitzer, wa kuamua mapema kwa muundo wa “ikitokea hivi, nitafanya hivi”. Ufupi wake usimdanganye mtu. Kusema “nitapunguza hasira” hakuufungi uamuzi na wakati wowote. Kusema “akianza kupaza sauti, nitaweka miguu yote miwili sakafuni kabla sijajibu” kunampa mtu alama ya kuitambua akifika.

Kuhusu siku 21 ambazo kila mtu huzitaja, kwamba zinatosha kujenga au kuvunja zoea, naomba tuziache. Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha University College London waliwafuata watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya. Muda wa kufikia hali ya kutenda bila kufikiri ulikuwa, kwa mtu wa katikati, siku 66, na tofauti ilianzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kukosa siku moja hakukuharibu chochote cha maana. Tena huo ulikuwa utafiti wa kujenga zoea, siyo wa kulivunja. Zoea la zamani halifutiki kama maandishi ubaoni. Hunyamaza, na mtu akirudi mahali pa zamani, na watu wa zamani, huweza kuamka. Anayelijua hilo atajiandaa kabla ya safari au sikukuu. Asiyelijua atadhani kazi yake yote imepotea.

Nina mpaka mmoja wa kuweka, na nauweka kwa uzito. Haya yote ni kwa mazoea. Mtu ambaye mwili wake umeshategemea pombe asijaribu kuacha ghafla akiwa peke yake kwa kutazama pumzi. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa, na kunaweza kuua. Huyo anahitaji daktari kwanza. Wanaotegemea dawa za usingizi za jamii ya benzodiazepini wako katika hatari hiyohiyo. Kumwambia mtu wa namna hii ajikaze ni ukatili, hata kama umesemwa kwa upendo.

Kwa wengine wote, ombi langu ni dogo. Aliyerudia jana asiape upya leo. Akae na karatasi aandike zile dakika 10 zilizotangulia: alikuwa wapi, na nani, mwili ulikuwa unahisi nini, alikuwa akikwepa jambo gani, na kitu gani kilisogea kwanza. Asiandike hukumu yoyote, aandike alichokiona tu. Afanye hivyo mara tatu nne, kisha aziweke karatasi pamoja azisome. Mara nyingi kuna saa au hali inayojirudia katika zote. Hiyo ndiyo ya kuisubiri kesho, akiwa macho, dakika tano kabla haijafika.