Posho ya kazi za ziada: bandika orodha ukutani

Ukizungumzia posho na watumishi wa umma, mabishano huishia kwenye kiwango. Mwaka 2022 viwango vilipandishwa: posho ya kazi za ziada kwa ngazi ya chini ilitoka Sh 15,000 hadi Sh 30,000, ya kujikimu safarini ikatoka Sh 80,000 hadi Sh 100,000. Tulishangilia, kwa nini tusishangilie? Lakini miaka yote niliyokaa masijala, kisha utumishi, kwenye taasisi moja hapa Tanga, kilicholegeza watu zaidi ni orodha ya wanaopewa kazi zenye posho.

Nani anakwenda mafunzo Morogoro, nani yumo kwenye kamati, nani anabaki jioni kufunga hesabu Juni, mwisho wa mwaka wa fedha, ikikaribia na fedha za matumizi mengineyo (zile za uendeshaji, nje ya mishahara) bado zipo. Majina yakiwa yale yale, utayaona matokeo kaunta. Mwananchi kapanda gari kutoka Pongwe, anaambiwa jalada lake analo fulani, na fulani yuko safari. Aliyebaki anabeba kazi ya wawili bila senti ya ziada. Mimi ningeanza kumlipa huyo.

Mkuu wa kitengo, bandika orodha: jina, kazi, tarehe, kiasi. Tuliwahi kupata mkuu wa idara aliyefanya hivyo, na minong'ono ya koridoni ikapungua sana, maana hata waliokosa walijua zamu yao ni lini. Na dokezo, yaani andiko la ndani la kuomba posho, litaje majalada mangapi yatakamilika. "Kushughulikia majalada" haitoshi. Ukilipia saa, utauziwa saa. Nimeona barua ya ukurasa mmoja ikivutwa tangu asubuhi mpaka saa tisa na nusu ipite, ili iwe kazi ya ziada! Siku hizi kila mtumishi anajaza majukumu yake kwenye PEPMIS, mfumo wa kielektroniki wa kupima utendaji kazi; dokezo lingeweza kunukuu jukumu lile lile, mkaguzi akalilinganisha.

Posho ya madaraka ina mambo yake. Tangu 2016 mwalimu mkuu wa shule ya msingi amewekewa Sh 200,000 kwa mwezi, mkuu wa sekondari Sh 250,000. Ni haki yao, mzigo wa cheo ni mzito. Ila fedha inayoingia kila mwezi huzoeleka, haimwamshi mtu mapema. Ichelewe miezi miwili ndipo utajua ilikuwa na kazi gani.

Nawe mdogo wangu uliyeajiriwa juzi, usichukue mkopo kwa kutegemea safari. Mchango wa PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, hukatwa kwenye mshahara, posho haihesabiwi, kwa hiyo pensheni haitazijua safari zako za Dodoma. Fuatilia kupanda daraja kwa wakati, hata kama barua itakusumbua. Na ukirudi safari, rejesha masurufu, yaani toa hesabu ya fedha uliyotangulizwa, wiki hiyo hiyo, risiti zikiwa bado mfukoni. Yasiporejeshwa hukatwa kwenye mshahara.