Binti wa miaka 13 ananenepa kama ukoo wa baba yake

Dada, umeuliza kama unene wa binti yako ni wa kurithi kwa upande wa baba yake, na kama umnyime chakula cha usiku. Nakujibu kama mtu niliyepitia hayo.

Upande wa mama yangu karibu wote tuna miili mikubwa. Nikiwa sekondari, Tanga, niliishi chumba kimoja na binamu yangu wa upande wa baba. Tulikula sinia moja, tukaenda shule kwa miguu njia moja. Yeye wali ukiwa bado nusu anajitoa, ameshiba kweli. Mimi nilikuwa nakwangua ukoko na tumbo bado linadai. Nyumba nzima ikaniita mlafi, na jina hilo liliniuma kuliko uzito wenyewe.

Kurithi kupo, tena kwa nguvu. Tafiti nyingi za mapacha zinakadiria kuwa kati ya asilimia 40 na 70 ya tofauti za unene baina ya watu zinatokana na vinasaba. Lakini mara nyingi anachorithi mtoto ni njaa. Chukua jeni (yaani kinasaba) ya FTO, iliyohusishwa na unene mwaka 2007: watoto wenye aina yake ya hatari huchelewa kuhisi shibe. Mtu mzima aliyeipata kwa baba na kwa mama huwa mzito kwa wastani wa kilo 3 tu kuliko asiye nayo. Jeni za namna hii ni nyingi, kila moja inaongeza kidogo, halafu zinakutana na soda na chipsi za kila kona.

Kwa hiyo usimnyime chakula cha usiku. Mwenye njaa ya kurithi ukimnyima atakula kwa kujificha. Badilisha chakula cha nyumba nzima, baba yake akiwemo: soda isikae ndani, maharage na mboga zijae sahani kabla ya wali. Na atembee, acheze. Utafiti wa HELENA kwa vijana wa Ulaya, uliotoka 2010, ulionyesha kuwa kwa waliofikisha dakika 60 za kujishughulisha kila siku, athari ya FTO ilikuwa ndogo zaidi.

Kama alianza kunenepa sana kabla ya miaka 5 na hashibi kabisa, hilo ni jambo jingine, mpeleke kwa daktari wa homoni za watoto. Mwaka 1997 Uingereza waligundulika binamu wawili ambao miili yao haikutengeneza leptini, homoni inayoupa ubongo taarifa ya akiba ya mafuta. Mmoja alikuwa na miaka 8 na kilo 86! Sindano za homoni hiyo zilikuja kuituliza njaa yao.

Mwangalie pia shingoni kwa nyuma na kwapani. Ukiona weusi mzito usiotoka hata akisugua, usimgombeze kwamba haogi vizuri. Mara nyingi ni dalili kuwa insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi sawasawa, kwa hiyo omba apimwe sukari.