Umri au ziara: nini hasa kinamaliza sauti ya mwimbaji wa rock

Mkuu, umeuliza kwa nini wale waimbaji wa rock uliowazoea kwenye kanda za kaka yako, ukiwaona leo jukwaani unasikia kama ni watu wengine, na kama kilichowamaliza ni umri au ni ziara. Wengi hapo juu wamejibu "umri na sigara" wakafunga mjadala. Mimi naona mambo kidogo tofauti.

Nijitambulishe. Naimba dansi hapa Tabora hadi leo: harusi, mahafali, kumbi za wikiendi. Ila mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa Kigoma, kwenye bendi ya hotelini iliyopiga kopi, yaani nyimbo za watu wengine. Wakati ule mji ulijaa wafanyakazi wa mashirika waliokuja kwa ajili ya kambi za wakimbizi, na Ijumaa wakishuka kutoka Kasulu na Kibondo hawakutaka rumba, walitaka rock. Basi nikaimba rock. Wikiendi nyingine tunapakia vyombo kwenye lori tunawafuata huko huko juu. Hiyo ndiyo ziara yangu mimi. Wembley siijui, lakini koo halina habari na ukubwa wa ukumbi.

Jibu langu ni hili: ziara ndiyo inayojeruhi sauti, na umri unachofanya ni kukunyang'anya uwezo wa kupona haraka. Ukiwa na miaka ishirini na tano unaimba Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi sauti haitoki, jioni imerudi. Ukivuka hamsini jeraha lile lile linadai siku tatu au nne, na ratiba ya ziara haina siku hizo. Unapanda jukwaani hujapona, unalazimisha, unaongeza jeraha juu ya jeraha.

Ili uone ni jeraha gani nalosema, angalia kazi yenyewe. Nyuzi za sauti ni mikunjo miwili midogo ndani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kwa mwanaume mzima ina urefu wa milimita 17 hadi 25. Ile noti ya A wanayotyunia vyombo ni 440, maana yake ukiiimba mikunjo hiyo inagongana mara 440 kwa sekunde. Tuseme wastani wako ni 300 tu. Dakika moja ya kuimba ni migongano 18,000. Ndani ya shoo ya saa mbili, ukitoa mapigo ya gitaa na makofi, ukaimba saa moja kamili, umevuka milioni moja. Na rock haitaki ugonge taratibu. Inataka pumzi nyingi, shinikizo kubwa na mkwaruzo juu yake.

Nyuzi zikigongwa hivyo zinavimba. Zikivimba zinakuwa nzito, sauti inashuka na kukwaruza, na kitu cha kwanza kupotea ni noti za juu zinazoimbwa kwa sauti ndogo. Za juu kwa kelele bado unazipata kwa nguvu, ndiyo maana mwimbaji anajidanganya kwamba yuko sawa. Akiendelea wiki na miezi bila kupumzika, pale nyuzi zinapokutana kwa nguvu zaidi panaota vinundu, kama sugu za mkononi mwa mpiga jembe. Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja, alikuwa navyo tangu miaka ya sabini, akakataa kufanyiwa upasuaji kwa kuogopa kwamba sauti ingebadilika. Sikiliza rekodi za Queen jukwaani: noti nyingi za juu za studio alikuwa anazikwepa, anapita chini yake, na mara nyingine mpiga drams Roger Taylor ndiye anayepanda huko juu. Watu hudhani ni mbwembwe. Elton John yeye alikubali kisu, Australia, Januari 1987, baada ya ziara ndefu. Linganisha rekodi za kabla na za baada: ile sauti nyembamba ya juu haikurudi, akajenga kazi mpya juu ya sauti nzito.

Umri nao una kazi yake, sikatai. Gegedu za zoloto zinaanza kugeuka mfupa, misuli ya nyuzi inakonda, nyuzi hazifungi vizuri katikati na hewa inavuja. Mapafu yanapoteza mnyumbuko, kwa hiyo sentensi uliyokuwa unaimaliza kwa pumzi moja unaigawa mara mbili. Kinachowashangaza wengi ni kwamba sauti ya mwanaume mzee sana huwa inapanda kidogo na kuwa nyembamba, wakati ya mwanamke hushuka baada ya kukoma hedhi. Tina Turner alizaliwa 1939 na ziara yake ya mwisho aliimaliza 2009, karibu miaka sabini. Sauti yake ilikuwa nzito na ya mikwaruzo tangu mwanzo, hivyo kushuka kidogo hakukuharibu kitu ambacho watu walimpendea.

Sasa turudi barabarani, kwa sababu hapo ndipo watu hawaangalii. Wanadhani ziara inaumiza kwa sababu ya kuimba tu. Kwa nilivyoona mimi, kuimba ni nusu. Nusu nyingine ni kuongea. Shoo imeisha saa nane usiku, masikio yanavuma, mnakaa na mashabiki pembeni ya jenereta, na kila neno unalitoa kwa kelele. Halafu mnakula nyama choma na ugali, unalala tumbo limejaa, asidi inapanda usiku kucha hadi kooni. Asubuhi kiungulia hukisikii, unasikia tu kama kuna kitu kimenasa, unakohoa kukisafisha. Kila kikohozi cha namna hiyo ni nyuzi kupigishana. Wenzetu wa ndege wana hewa kavu ya angani, sisi tulikuwa na vumbi. Barabara ya Kasulu miaka ile, kiangazi, ukiwa nyuma ya lori na maturubai, ulikuwa unatema tope jekundu.

Tatizo kubwa kuliko yote lakini ni kutojisikia. Kuna usiku mmoja Kasulu spika za kujisikilizia, zile monita za chini mbele ya mwimbaji, zilikufa wimbo wa pili. Fundi mitambo akanionyesha kwa mikono kwamba umeme wa jenereta hautoshi, nichague monita au besi. Ukumbi ulishachagua besi. Nikaimba usiku mzima nikisikia drams na gitaa tu. Hapo mwili haukuulizi, unaongeza sauti wenyewe, hata ukijiambia usipige kelele. Kufikia saa sita nilikuwa nafungua mdomo kwenye kiitikio na kinachotoka ni upepo, mpiga solo anaona, anajaza nafasi kwa gitaa. Wazungu wakadhani ni mpangilio mpya, wakashangilia.

Ndiyo maana kisa cha Brian Johnson wa AC/DC kinanigusa kuliko cha wengine. Mwaka 2016 madaktari walimwambia aache ziara la sivyo awe kiziwi kabisa, Axl Rose akaingia kumalizia shoo zilizobaki. Mwimbaji akipoteza masikio, koo linafuata. Baadaye alirudi, na vifaa vya kisasa vya kuingiza sikioni vikamsaidia. Ukiona waimbaji wa siku hizi wana vidude masikioni, ujue si urembo.

Mtu atanitajia Bi Kidude. Najua, kila mara mada hii ikija anatajwa: alivuta sigara, akaimba hadi uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013 bado watu wanamtafuta. Kweli. Lakini angalia alichokuwa anaimba. Wimbo ulikaa pale sauti yake ilipo, ukavu ulikuwa sehemu ya utamu, na hakuna aliyekuja ukumbini akimdai noti aliyoiimba akiwa msichana. Mwimbaji wa rock anadaiwa hiyo kila usiku. Amerekodi na miaka 24, studio, akirudia mara anazotaka, na sasa ana 70 anatakiwa aitoe ile ile mara moja, mbele ya maelfu, na kesho tena mji mwingine.

Dansi letu pia linamlinda mtu kwa namna ambayo rock haina. Muhidin Gurumo alitangaza kustaafu mwaka 2013 baada ya zaidi ya miaka hamsini ya muziki. Hebu fikiria mpangilio wa bendi alizopitia: safu ya waimbaji watatu wanne, mmoja anaanza, wengine wanaitikia, kisha sebene inaingia na gitaa linakula dakika nyingi wewe unacheza tu. Mwimbaji wa rock anabeba wimbo peke yake kuanzia mwanzo, na gitaa likipewa nafasi ni sekunde chache anarudi kupiga kelele. Tunakesha, ndiyo, ila tunakesha kwa zamu.

Chukua watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja, 1948: Robert Plant na Steven Tyler wa Aerosmith. Plant alipopanda jukwaani na Led Zeppelin London tarehe 10 Desemba 2007, baadhi ya nyimbo zilishushwa ki, yaani wimbo mzima ukahamishiwa noti za chini, hazikupigwa zilipokuwa kwenye rekodi. Na mwaka huo huo akatoa albamu na Alison Krauss anaimba chini chini, karibu na maiki, na 2009 ikachukua Grammy ya albamu bora ya mwaka. Tyler aliendelea na vile vile vilio vya juu ambavyo watu walimlipia. Septemba 2023, ziara ya kuaga ikiwa ndiyo kwanza imeanza, aliumiza nyuzi za sauti jukwaani karibu na New York, ikaja kujulikana hata zoloto limevunjika, na Agosti 2024 Aerosmith wakatangaza wameacha ziara moja kwa moja. Alipoumia alikuwa na miaka 75. Sisemi kwamba kwa kuimba kama Plant asingeumia, mwili una mambo yake. Nasema tu kwamba mmoja alibadilisha kazi ilingane na koo, mwingine alitaka koo lilingane na kazi.

Kwa hiyo mimi ni mtetezi wa kushusha ki, na sitaki kusikia habari za aibu. Nyimbo nilizokuwa naimba kwenye E kule Kigoma leo nazipiga kwenye D, mbili ziko C. Hakuna mgeni wa harusi aliyewahi kunifuata kulalamika kwamba wimbo umeshuka. Wanachokisikia watu ni mtu anayehangaika. Anayelalamika huwa ni mpiga gitaa, kwa sababu amezoea nyuzi wazi, na dawa yake ni kulegeza gitaa lote hatua nzima, aendelee na vidole vyake vile vile.

Kuhusu matunzo nitasema machache. Asubuhi baada ya shoo, kabla sijaongea na mtu, najaribu noti ya juu kwa sauti ndogo kabisa, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ikitoka safi, niko salama. Ikikatika au ikachelewa kuanza, nyuzi zimevimba, na siku hiyo nanyamaza. Nanyamaza kweli, sinong'oni, kwa sababu wengi wakinong'ona wanakaza koo kuliko wakiongea. Kabla ya kupanda jukwaani nachukua mrija wa soda, nauzamisha kwenye glasi ya maji kiasi cha vidole viwili, naimba "uuu" ndani yake maji yakitoa mapovu, nikipanda na kushuka taratibu. Wanaonicheka waendelee.

Asali na tangawizi? Mimi ni mtu wa Tabora, asali siwezi kuitukana. Inalainisha mdomo na koo la juu, lakini haigusi nyuzi za sauti. Chochote unachomeza kikigusa zile nyuzi utapaliwa hadi machozi. Maji yanasaidia kwa kupitia mwilini, ndiyo maana unayanywa tangu asubuhi, si dakika tano kabla. Mvuke ndio unaofika. Aspirini msinywe siku ya shoo, inafanya damu ivuje kirahisi, na uzi ukivuja damu ukiwa unapiga kelele ndipo kazi inapoishia. Sindano za kupunguza uvimbe ili "umalize tu leo" zipo, zinaondoa dalili, jeraha linabaki palepale chini yake.

Umesema mdogo wako anaimba na bendi hapo Mwanga, Kigoma, na sauti imemkauka tangu mwezi uliopita. Ukavu ukipita wiki tatu si suala la mafua tena, hasa kama anavuta sigara. Anatakiwa aonwe na daktari wa masikio, pua na koo, aingiziwe kamera nyembamba kupitia puani watazame nyuzi zenyewe. Kwa sisi wa huku mara nyingi inamaanisha rufaa, Bugando au Muhimbili. Asiishie kupewa dawa ya kikohozi dirishani. Vinundu vikiwahi kuonekana, mara nyingi hupungua kwa kupumzika na kufundishwa upya namna ya kutoa sauti, bila kisu.

Na kama una rekodi zake za mwaka jana na za sasa, hata za simu, zitupie hapa tusikilize zote mbili.