Kabla ya mkutano, nenda kwa mhasibu na wazee

Ndugu katibu, umesema wanachama wa ushirika wenu wa zabibu huko Mpunguzi, Dodoma, wamekataa malipo kwa simu, ingawa kila mkutano unawaeleza faida zake. Acha kueleza kwanza, uwasikilize.

Miaka ya 1940 huko Marekani, mwanasaikolojia Kurt Lewin alilinganisha akina mama waliohutubiwa wapike nyama za ndani, kama moyo na figo, na wengine waliojadiliana kwa vikundi wakaamua wenyewe. Kati ya waliohutubiwa, waliopika ni asilimia 3 tu; kati ya waliojadiliana, asilimia 32.

Anza na mhasibu. Yeye anayegawa fedha dirishani leo, kesho atafanya kazi gani? Usipomjibu hilo ataendelea kuwapinga chini chini, na mimi simlaumu. Kisha wafuate wazee nyumbani kwao. Wengine laini zao zimesajiliwa kwa jina la mtoto, na mtoto ndiye anayejua namba ya siri. Huo si ukaidi hata kidogo! Wasaidie kusajili laini zao kwa vitambulisho vyao kabla ya mavuno. Na makato ya kutoa pesa, nani atayabeba? Njoo na jibu.

Msimu huu wanaotaka waanze, wengine walipwe taslimu. Uamuzi wa wote uachie mkutano mkuu, ndio wenye mamlaka ya juu katika ushirika. Siku hiyo mwombe mzee aliyekwisha kulipwa asimame awaonyeshe wenzake ujumbe wa malipo, wewe ukae.