Muulize Shangazi: Pete iliyoninyima usingizi

SWALI: Shikamoo Shangazi. Nimetazama Match Point, ile filamu ya Woody Allen ya 2005, na mpaka sasa sijui niisifu au niitukane. Chris, aliyekuwa mcheza tenisi, anaoa kwa matajiri wa London, huku akitembea na Nola, aliyekuwa mchumba wa shemeji yake. Nola anashika mimba. Chris anamuua, yeye na bibi jirani, ionekane ni wizi. Pete ya bibi anaitupa mto Thames, inagonga kizuizi, inaangukia nchi kavu. Nikashangilia: amekwisha! Kumbe teja ameiokota, anakutwa nayo akiwa maiti, na kesi inamwangukia yeye. Ndiyo kusema msaliti mwenye bahati hana hukumu? Nilichukia, lakini sikunyanyuka kitini hata mara moja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Umeshamwaga mtama kwenye kuku wengi, basi na tuuchambue.

Pete ile nami ilinikaba koo. Mwanzoni mpira wa tenisi unagusa wavu: ukivuka umeshinda, ukirudi umeshindwa. Tukazoea hesabu hiyo, kisha pete inarudi na kumwokoa mtu. Hapo nampa Allen haki yake. Nampa pia kwa Chloe, mke wa ndoa, anayehangaika na madaktari wa uzazi huku mimba ikiingia kule isikotakiwa.

Nilipokasirika mimi ni kwa Nola. Unamkumbuka kwenye meza ya tenisi, siku ya kwanza? Mwanamke ana ulimi, anamjibu Chris neno kwa neno. Akishapata mimba anabakiziwa simu na kelele tu, simu na kelele, kana kwamba tunaandaliwa tumchoke kabla hajauawa. Hiyo si bahati mbaya ya Nola, ni mwandishi kamchoka mhusika wake.

Kuhusu hukumu, rudia dakika za mwisho. Shampeni inamiminwa, shemeji anamwombea kichanga cha Chris na Chloe bahati, ukuu hautaki. Chris kasimama dirishani, hacheki na mtu.

Halafu unijibu na wewe. Yule mpelelezi wa mauaji alipozinduka usiku, kisa chote kimemjia ndotoni, ulitaka nini? Mimi, Mungu anisamehe, nilitaka arudi kulala.