Malakiti au kutu ya shaba?

Swali: Mwalimu, mimi ni mchongaji hapa Lubumbashi. Natengeneza shanga na visahani vya malakiti, lile jiwe la kijani. Mteja mmoja wa kutoka pwani aliniambia kwamba kwa Kiswahili sanifu jiwe hili huitwa "kutu ya shaba". Ni kweli? Tena niseme "malakiti hii" au "malakiti haya"?

Jibu: Endelea kusema malakiti, ndugu yangu. Mteja wako ameona rangi, hakuuliza jiwe limetoka wapi.

Kutu huja mwisho. Shaba imekwisha kuyeyushwa, imekuwa sufuria au waya, kisha hewa na unyevu vinaanza kuila. Malakiti hutangulia. Huko chini ya ardhi ya Katanga, maji ya mvua yenye oksijeni hupenya mwambani na kuozesha madini ya shaba yenye salfa. Maji hayo hubeba shaba, na yakikutana na kabonati (muungano wa kaboni na oksijeni), kama ile iliyomo kwenye miamba ya dolomiti, shaba hutulia tabaka juu ya tabaka. Ndiyo ile mistari ya kijani, mizito na myepesi, unayoiona kila ukikata jiwe. Zaidi ya nusu ya uzito wake, kama asilimia 57, ni shaba tupu. Wahenga wa Katanga waliyeyusha mawe ya namna hii wakapata ile misalaba ya shaba iliyotumika kama fedha.

Nakiri kwamba ule ukijani unaoota juu ya shaba kuukuu huweza kuwa na kabonati ya aina hiyohiyo. Lakini hapo metali inarudi kuwa madini, wakati jiwe lako halijawahi kuwa metali. Kumwita mtoto ambaye hajazaliwa "marehemu" ni kosa, hata kama sura zinafanana.

Jina lenyewe tulilipata kutoka Kifaransa, nalo asili yake ni Kigiriki, kwenye jina la mmea wa majani ya kijani.

Kuhusu upatanisho, sema "malakiti hii imekatwa vizuri". Tunasema "madini haya", ndiyo, ila ma- ya malakiti si kiambishi cha wingi. Hakuna "lakiti" moja. Ukitaka kuhesabu, hesabu mawe: mawe matatu ya malakiti.