Kwa nini naandika jina la kila mnunuzi wa mafuta

Duka langu liko Majengo, hapa Dodoma, na bidhaa inayolibeba ni mafuta ya alizeti ya Singida. Mwaka 2022 mafuta ya kula yalipopanda bei, mauzo yangu yalishuka kutoka lita 60 kwa wiki hadi 48. Nikaamini kila mteja amepunguza moja ya tano, nami nikapunguza mzigo kwa kiasi hicho. Wiki iliyofuata mama lishe watatu wakakosa mafuta, wakahamia duka jingine.

Daftari la madeni ndilo lililonifumbua macho. Mama lishe walikuwa hawajapunguza hata tone, kila mmoja na dumu lake la lita 5. Walioacha ni wanafunzi wa chuo waliopanga jirani, karibu wote. Ile moja ya tano haikuwa ya mtu yeyote.

Tangu hapo simlinganishi mteja na mteja mwenzake, nawe nakusihi usifanye hivyo. Anayepimiwa robo lita hulipa zaidi kwa kila lita kuliko anayebeba dumu, tena hununua kidogo. Ukiwaweka pamoja utasema bei imembana, kumbe kinachombana ni ujira wa kutwa. Mwingine analetewa mafuta na ndugu zake wa Iramba, huko Singida. Mambo hayo huwezi kumuuliza mtu, na si lazima uyajue. Mlinganishe na yeye mwenyewe: bei ilipokuwa chini alichukua kiasi gani, na ilipopanda je? Ila mwisho wa mwezi upimwe na mwisho wa mwezi. Aliyekuja mara mbili tu mkadirie kama wenzake wanaofanana naye. Akizidi kurudi, amini zaidi mwenendo wake.

Bei ilipopanda tena, mauzo hayakutikisika. Jirani yangu akasema watu wamezoea. Hapana, walioumia walikwisha kuondoka, tukabaki kuwapima wasioumia. James Heckman alipewa Nobel ya uchumi mwaka 2000 kwa kazi yake juu ya takwimu za namna hiyo, zilizojichuja kabla hujazipima. Kwa hiyo asiyenunua naye namwandika, sifuri kila wiki, mpaka nihakikishe amehama mtaa.

Mwaka 2023 bei iliposhuka, sita kati ya wale wa sifuri walirudi na chupa zao.